Blanketi la Jeconia

Ukimsikia mtu wa Kawangware akisema Seline Adero alikuwa na roho mbaya, muulize kwanza alikuwa wapi asubuhi ile ya lori. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, sufuria ya uji mbele yangu, na sikufungua mdomo. Kwa hiyo nikiandika habari zake leo siandiki kama mtu msafi. Naandika nikiwa nimechelewa, na naandika kwa hasira, maana hasira yenyewe haijaisha na sijaiomba iishe.

Jina langu Nduta. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikiuza uji na mandazi kando ya bucha ya Mzee Ishmael Ng'ang'a. Mzee Ng'ang'a alikuwa mwenye ploti, na nyumba zake za udongo na mabati zilianzia barabarani zikaishia mtoni. Mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji wake. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na Jumapili alikalia benchi la mbele akiwa amevaa suti ya kahawia. Mbele ya bucha kulikuwa na veranda ndefu ya saruji, na hapo ndipo walipolala Adero na kaka yake Jeconia.

Usidhani walikuwa wavivu. Jeconia alikuwa mwashi. Alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini ambalo leo watu wanalipanda kwa lifti, na miguu yake haikumbeba tena. Alitembea kwa kujikokota na fimbo ya mwanzi, hatua kumi, apumzike, hatua kumi nyingine. Walikuwa na chumba Gatwekera, kule Kibera, kikabomolewa siku moja bila barua wala salamu. Ndipo wakaja kwetu. Kila alfajiri Adero alifagia veranda kabla bucha haijafunguliwa, akakunja magunia yao, akamkalisha kaka yake kwenye jua, kisha akaenda kazini kwa miguu.

Kazi yake ilikuwa kukandika nyumba za udongo. Kibera nzima, kuanzia Gatwekera mpaka Silanga, ukitaka ukuta usiokuaibisha ulimtafuta nyar Ugenya, binti wa Ugenya, ndivyo Wajaluo wenzake walivyomwita. Mimi aliwahi kunionyesha kazi hiyo, siku ukuta wa chumba changu ulipotoboka. Udongo mwekundu, akasema, uchekeche, uukanyage na nyasi zilizokatwakatwa, uuache ulale usiku mmoja. Paka mara ya kwanza, subiri ukauke, paka mara ya pili. Nikamuuliza kwa nini tusichukue ule mweusi wa Silanga, wa kando ya bwawa, maana ulikuwa laini na uling'aa vizuri.

"Huo ni mzuri kwa macho tu," akasema Adero. "Jua ikiupiga unapasuka. Mvua ikiupiga unateremka. Fundi mwenye anakandikia mtu nyumba na mweusi, huyo ni mwizi."

Maneno hayo niliyaweka. Sikujua ningekuja kuyahitaji.

Mwaka huo jiji lilikuwa linangojea wageni wa mataifa. Kwenye redio hatukusikia kingine. Kikaundwa kitu kiitwacho Kamati ya Mapokezi, yenye watu wa kila mtaa, na mtaani kwetu aliyechaguliwa alikuwa Mzee Ng'ang'a. Akaanza kutembea na utepe mwekundu kifuani kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Wageni wangepitishwa barabara yetu siku moja wakaone shule ya mfano iliyokuwa mbele kidogo, na Mzee aliambiwa macho yao yasikutane na kitu cha kuwaudhi.

Kitu cha kuwaudhi kilikuwa sisi. Lakini hakusema hivyo. Alikuja pale verandani jioni moja akiwa mpole kuliko kawaida.

"Mama Adero," akasema, "wewe umesoma, na hawa watu wanakuamini. Kamati inaleta blanketi kabla hii baridi ya Julai iue mtu. Niandikie majina ya wote wanalala nje. Mimi macho yangu haioni karibu."

Adero alifurahi. Nasema alifurahi kwa sababu nilimwona. Alinunua daftari, akazunguka mtaa mzima, verandani, chini ya meza za soko, nyuma ya kinu cha posho. Wengine walikataa kutaja majina. Akawabembeleza, akawaambia yeye mwenyewe ameandika la kaka yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa shule ya misheni. Akapata watu ishirini na watatu, bila kujihesabu yeye mwenyewe. Ukurasa mmoja akampa Mzee, na mwingine kama huo ukabaki kwenye daftari lake, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu.

Aliyekataa kabisa ni Jeconia.

"Hakuna mtu hupeana blanketi bure," akasema. "Hata Mungu hutaka uombe kwanza. Sisi nani ameomba?"

"Wewe kila kitu unajua," Adero akamjibu kwa ukali. "Baridi ikikushika mgongo usiku ni nani hukusugua? Ni mimi. Kesho utakaa kwa laini kama watu wengine."

Na kesho yake akamkalisha wa kwanza kwenye mstari, akamfunga vifungo vya koti mwenyewe. Fimbo yake akaiegemeza kwenye meza yangu ya uji. Kisha akaenda Silanga, ambako kulikuwa na mtu aliyengojea ukuta.

Lori likaja saa mbili, limefunikwa turubai. Wakashuka vijana wa Kamati wenye rungu. Mzee Ng'ang'a akasimama na ile karatasi, miwani puani, macho yake yaliyokuwa hayaoni karibu yamepona ghafla, akaanza kuita majina. Kila aliyeitwa aliitikia, "Niko!" akapanda. Watu walipanda wenyewe! Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Walidhani mablanketi yako ndani, wanapanda wachague. Kalekye, mama wa Kikamba aliyekuwa akiuza ndizi, alikuwa anacheka. Nyamai, mbeba mizigo wa sokoni, akamwambia asichukue la rangi ya pinki. Walipogundua hamna kitu ndani, rungu zilikuwa tayari nyuma yao, na waliobaki chini walirushwa juu kama magunia ya viazi.

Jeconia, aliyeitwa wa kwanza akashindwa kupanda, alibebwa kwa makwapa. Alipofika mlangoni mwa lori alinitazama mimi.

"Nduta," akasema, "fimbo yangu."

Fimbo ilikuwa hapo, inagusa paja langu. Ningenyoosha mkono tu. Lakini Mzee Ng'ang'a aligeuza uso akanitazama, mwenye nyumba wangu, nami nikauangalia uji. Lori likaondoka.

Adero alirudi jioni, udongo umemkaukia magotini. Veranda ilikuwa imeoshwa kwa dawa, inanuka kama hospitali. Nikampa fimbo, nikamweleza. Hakuniuliza kwa nini fimbo iko kwangu. Alivuka moja kwa moja mpaka ndani ya bucha.

"Nipe kaka yangu," akasema.

"Wamepelekwa kwao, mama," akasema Mzee Ng'ang'a, akiendelea kunoa kisu. "Kamati imewasaidia."

"Kwao wapi?"

"Kila mtu ako na kwao."

"Walifanya kosa gani?"

"Kosa hakuna. Ni wageni wanakuja."

"Sasa mtu hana kosa, hajapelekwa kortini, anabebwa na lori kwa sheria gani?"

Mzee akaweka kisu chini. Nataka ujue kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa akimfundisha, kama anavyofundisha Jumapili.

"Mama," akasema, "sheria ni ya watu wako na mlango."

Siku ya nne Kalekye alirudi. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa, na vitambaa vilikuwa vimeshikana na ngozi. Alikaa kwenye kiti changu, nikampa uji, akasimulia. Lori lilikwenda mpaka ng'ambo ya milima ya Ngong, uwandani ambako hakuna nyumba wala mti, likasimama jua likizama. Wakaambiwa washuke wapewe. Waliposhuka, likageuka likaenda. Wakaanza kutembea. Kalekye na Nyamai walimbeba Jeconia kwa zamu mpaka nguvu zikaisha, wakamlaza ndani ya karavati chini ya barabara, Kalekye akamfunika leso yake, wakaenda kutafuta msaada. Upepo wa kule Julai hauna mchezo. Walipata boma asubuhi, wakiwa wamechelewa.

"Angekuwa na fimbo," Kalekye akasema, "angalau angejisukuma mpaka hiyo boma. Haikuwa mbali. Ni giza tu hatukuona."

Hakuwa ananisema mimi. Hakujua. Adero alijua, na hakunitazama.

Kesho yake Kalekye na Adero walikwenda huko, juu ya lori la kokoto. Kwenye karavati walikuta leso, imechanika. Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliwaeleza alichokiona asubuhi ile, fisi wakiwa bado hawajaondoka, na mengine hayo sitayaandika. Hapakuwa na mwili wa kuchukua.

Aliporudi sikuona chozi. Alikaa kwenye benchi langu, akanywa uji wote, akarudisha kikombe.

"Ng'ang'a anajenga nini pale barabarani?" akaniuliza.

Alikuwa anajenga ukuta. Kamati ilikuwa imempa kazi ya kuficha nyumba zetu: fito na udongo, urefu wa kumzidi mtu, hatua mia mbili kando ya barabara, juu yake chokaa nyeupe. Fito zilikuwa zimesimama tayari, lakini wakandikaji aliowapata walikuwa wazembe, na kabla ya wageni kufika zilibaki siku tisa. Adero akaenda mwenyewe akamwambia atamfanyia. Mzee alishukuru Mungu kwa sauti, pale pale barabarani.

"Nilijua wewe ni mama wa akili," akasema. "Mambo ya dunia ni kuvumilia."

"Ni kuvumilia, mzee," Adero akasema.

Udongo ulikuja kwa mikokoteni kutoka Silanga. Safari baada ya safari, siku tatu nzima. Niliuona ukimwagwa, mweusi tititi, na nikakumbuka. Nikamtazama Adero, naye akanitazama akiwa amesimama katikati ya rundo, akiukanyaga bila nyasi, bila kuulaza, bila chochote.

"Nduta," akaniambia, "uji yako inaungua."

Nikarudi kwenye uji wangu. Hapo pia nilinyamaza, na nikuambie ukweli, ule unyamavu wa pili ulinishinda kwa utamu. Nilikuwa namwona Mzee Ng'ang'a akipitisha kiganja ukutani na kusema, "Laini! Laini kama sahani!" na moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Ukaja upakaji mmoja tu, mnene, na kabla haujakauka ukafunikwa kwa chokaa. Ukuta ulimeremeta.

Wakati huo huo waliobebwa na lori walikuwa wanarudi, mmoja mmoja, kwa miguu. Nyamai alirudi. Wengine walifichwa Gatwekera kwa watu ambao Adero aliwakandikia nyumba zao, na wawili nikawaweka kwangu, katika chumba cha Mzee Ng'ang'a mwenyewe. Walifika kumi na sita. Wengine sita hatujawaona mpaka leo. Na wa ishirini na tatu unamjua.

Kilichotutia wasiwasi ni hali ya hewa. Hakukuwa na jua wala mvua, mawingu tu ya kijivu siku baada ya siku. Ukuta ukakaa. Usiku wa kuamkia siku ya wageni Adero aliniambia, "Kesho kusipokuwa na kitu, nitausukuma na kichwa yangu." Nilimwamini.

Asubuhi ukuta ulikuwa na nyufa, nyembamba kama nywele, ndefu kutoka juu mpaka chini. Mzee Ng'ang'a alizigundua wakati watoto wa shule wameshapangwa na bendera mikononi. Akapiga kelele ya chokaa.

"Chokaa! Pigeni chokaa tena, mzibe hiyo mistari! Ongezeni maji ienee!"

Na hapa nataka wale wanaomsema Adero vibaya wasikilize vizuri. Adero alimwonya. Alisimama mbele ya watu akamwambia:

"Mzee, hii ukuta haitaki maji leo. Iache tu hivyo."

"Wewe ni wa kukandika," Mzee akamjibu. "Mambo ya kufikiria wachia wenye kazi."

Akavua koti la suti akanishikisha, akachukua ndoo na brashi kubwa kutoka kwa kijana, akaanza kumwagia ukuta mwenyewe, kwa mikono yake, hatua mia mbili zote. Maji nilimletea mimi. Ndoo baada ya ndoo. Kila ufa ukanywa.

Pikipiki zikatokea, kisha magari meusi. Watoto wakaimba. Mzee akavaa koti lake mbio mbio na kusimama mbele ya ukuta, utepe kifuani. Gari la kwanza likapita salama. La pili likapita. Mimi nilikuwa nimeshika meza yangu kwa mikono miwili.

Halafu nikasikia sauti kama ya mtu anayevua kiatu kwenye matope. Kipande kikubwa kuliko mlango kikateremka. Kikafuatwa na cha pili, cha tatu, na kisha ukuta wote ukawa unashuka, mweusi kwa mweupe, ukamwagikia mtaro, ukaingia barabarani, ukamfunika Mzee Ng'ang'a viatu na suruali mpaka magotini. Zikabaki fito tupu. Gari la tatu likasimama kwa sababu halikuwa na pa kupita.

Nyuma ya fito walikuwa wamekaa watu kumi na sita, kwenye mstari, mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayengojea kupewa kitu. Ndivyo Adero alivyowapanga. Watoto waliacha kuimba mmoja mmoja.

Akashuka mama mmoja mgeni, mweusi kama sisi, nguo zake za nchi nisiyoijua. Akauliza. Mkubwa wa Kamati akashuka mbio nyuma yake, akamgeukia Mzee Ng'ang'a.

"Hawa ni akina nani?"

Mzee alikuwa ameinama, anajaribu kusimamisha kipande cha ukuta kwa mikono. Mtu mzima! Kinasimama, kinavunjika, anachukua kingine. Adero akapita katikati ya fito na daftari lake.

"Ni watu wa blanketi," akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Mzee Ng'ang'a aliwaandikisha, lori ikawabeba, ikawamwaga porini. Hawana kosa. Wamerudi kuchukua yao."

Akafungua daftari akaanza kuita majina. "Kalekye!" Kalekye akajibu, "Niko!" "Nyamai!" "Niko!" Wengine sita waliopotea aliwaita pia, akangoja, akaendelea. Jina la kaka yake akaliweka la mwisho, ingawa kwenye orodha lilikuwa la kwanza.

"Jeconia!"

Kamera za watu wa magazeti zilikuwa zinalia.

"Jeconia!"

Akamgeukia Mzee Ng'ang'a aliyekuwa amepiga magoti kwenye matope. "Jibu wewe. Wewe ndio ulimpokea."

Magazeti yetu kesho yake yaliandika habari za maua na vikundi vya ngoma. Lakini mama yule mgeni alikataa kurudi ndani ya gari mpaka aambiwe jina la kila mtu aliyekuwa pale, na nadhani picha zilikwenda mbali, kwa sababu siku ya pili mablanketi yalikuja. Mazito, ya kijivu, ishirini na matatu kamili. Na mwaka ule hakuna lori lililokuja tena kwetu. Wakubwa walimfukuza Mzee Ng'ang'a kwenye Kamati. Walimfukuza kwa ajili ya ukuta, si kwa ajili ya lori, maana hivyo ndivyo walivyo.

Mablanketi ya wale sita tuliwawekea. La Jeconia lilibaki mikononi mwa Mzee, aliyelazimishwa kuyagawa kabla ya kufukuzwa. Adero alikataa kulipokea.

Ungedhani angetosheka. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Adero, umemwaibisha mbele ya dunia, sasa wacha." Akaniambia aibu hukauka upesi kuliko udongo. Jumapili iliyofuata akaenda kanisani kwa Mzee, akakaa benchi la pili, nyuma ya kisogo chake, na fimbo ya mwanzi magotini. Jumapili iliyofuata tena. Na iliyofuata. Hakusema neno, hakuimba. Mwezi mzima. Mwishowe mchungaji, aliyekuwa kijana na mwenye msimamo, alitangaza kwamba hatampa mzee wa kanisa mkate wala kikombe mpaka apatane na mwanamke huyu.

Mzee Ng'ang'a akaja verandani na mbuzi na lile blanketi.

"Mbuzi rudisha," Adero akasema. "Blanketi shika. Utampelekea mwenyewe, nyumbani kwetu."

"Nitampelekea aje na hakuna mwili?"

Adero akatoa kitu kwenye gunia. Lilikuwa tunda lile refu, zito, la mti wa mwegea, analoliita yago. Kwao mtu akipotea, akafa maji au akaliwa porini, huzika tunda hilo badala yake, na kaburi linakuwa kaburi. Mzee alilitazama, na nikaona mdomo wake unataka kucheka. Sisi Wagikuyu tunalijua tunda hilo vizuri. Tunalichachushia pombe ya wazee.

"Hii si ni muratina?" akasema.

"Kwenu ni pombe," Adero akasema. "Kwetu ni mtu. Mfunike."

Akamfunika. Tulisafiri kwa basi siku nzima, sisi watatu, mimi nikiwa na fimbo. Utingo alitaka kulipandisha lile furushi juu ya paa na mizigo, na Adero akamwambia huyo ni abiria. Basi Mzee Ishmael Ng'ang'a, mwenye ploti, akampakata Jeconia kutoka Nairobi mpaka Ugenya. Kila alipojaribu kumshusha chini Adero alimtazama tu, naye akampandisha tena mapajani.

Kilio kilianzia kwenye lango la boma. Baba mdogo wa Adero, mzee aliyekonda mwenye kofia, akatoka nje akauliza kwa Kiswahili, ili mgeni aelewe:

"Nani ameleta Jeconia?"

Watu walikuwa wengi, na wote walimtazama Mzee Ng'ang'a, na blanketi mikononi mwake.

"Mimi," akasema.

"Alikufa namna gani?"

Akaanza kusimulia. Alipojaribu kuruka mahali, Adero alimrudisha. Aliposema watu walisafirishwa, Adero akasema, "Sema lori." Aliposema walisahauliwa, akasema, "Sema mlimwaga." Habari ya fimbo hakuigusa, na hapo nikajua ni zamu yangu. Nikasema mbele ya watu wale kwamba fimbo ilikuwa karibu na mkono wangu na sikuitoa. Hakuna aliyenipiga. Ningeona afadhali wangenipiga.

"Na mimi," Adero akasema wa mwisho, "ndio niliandika jina yake. Alikataa, nikamgombeza." Ndiyo mara moja tu nilimwona akilia, na hakufunika uso.

Wanaume walikuja na majembe. Adero akachukua moja akampa Mzee Ng'ang'a. Baba yake mdogo akasema mgeni hachimbi.

"Huyu sio mgeni," Adero akasema. "Huyu ndiye amemleta."

Akachimba. Miaka ishirini alikuwa hajashika jembe. Malengelenge yalipasuka mikononi, suti ya kahawia ikawa nyekundu kwa udongo, na sikumwonea huruma, wala sitasema nilimwonea. Tukamweka Jeconia ndani ya blanketi lake, na fimbo kando. Tukamfukia.

Jua lilipokuwa linashuka, watu wakaanza kugawana nafasi za kulala. Mimi nikaambiwa niingie kwa shangazi yao. Mzee Ng'ang'a alibaki amesimama uani, anasugua viganja, na upepo wa jioni ulikuwa umeanza. Akamuuliza Adero atalala wapi. Adero akamwonyesha veranda ya nyumba ya baba yake, sakafu ya udongo aliyoikandika mwenyewe alipokuwa msichana.

"Mama Adero," Mzee akasema, kwa sauti ndogo. "Hata blanketi moja?"

Adero akatoa lile daftari kwenye mfuko wa sweta, akampa na penseli.

"Andikisha jina," akamwambia, akaingia ndani na kufunga mlango.